Gari la Tinga

Lori la kunyonya choo lilifika Chaani saa tatu asubuhi, siku ya Jumamosi, na wapangaji wa ploti ya Bi Mwanabibi wakatoka kulitazama kama mgeni waliyemngoja siku nyingi. Ploti ile ilikuwa na vyumba kumi na viwili, sita huku na sita kule, na uwanja mwembamba katikati. Choo kilikuwa mwisho wa uwanja. Kilikuwa kimejaa tangu wiki mbili nyuma, na kila nyumba ilikuwa imechangia ili lori lije.

Dereva alishuka, akaupima uwanja kwa macho, kisha akalitazama gari la kijivu lililosimama pale pa kuingilia, mbele ya mlango wa kwanza. Akauliza ni la nani. Watu wote walimgeukia Dorcas, aliyekuwa amechutama mlangoni pake akigeuza viazi karaini.

"Si letu," Dorcas alisema. "Ni la mtu. Aliliacha hapa."

Dereva alisema liwe la nani, yeye alitaka njia. Akautandaza mpira wake uwanjani. Ukakoma kwenye kamba za nguo, hatua kumi na tano kabla ya choo. Wanaume wawili wakajaribu kulisukuma lile gari. Magurudumu yalikuwa yamekwisha upepo, breki ya mkono ilikuwa juu, na usukani ulikuwa umejifunga. Ufunguo alikuwa nao Changawa, mumewe Dorcas, na Changawa alikuwa kazini kwenye yadi ya makontena. Hakuruhusiwa kushika simu saa za kazi.

Dereva alingoja nusu saa. Kisha akatoa hesabu ya mafuta yake katika ile pesa ya mchango, akarudisha iliyobaki, akaondoka. Watu walirudi vyumbani mmoja mmoja. Siku ile mpaka jioni hakuna jirani aliyenunua viazi vya Dorcas.

Changawa aliporudi aliwasalimu wanaume waliokaa nje, wakamjibu huku wanatazama simu zao. Dorcas alimweleza yote kabla Changawa hajavua viatu. Alitaka gari litolewe kesho yake. Changawa akauliza litapelekwa wapi. Kando ya barabara palikuwa pa muuza makaa, na mbele ya hapo askari wa kaunti wangelivuta na kutoza faini. Na likiibwa, angemwambia nini mwenyewe?

Tinga hakuwa ndugu yake wala rafiki. Walibeba mizigo pamoja yadini misimu miwili, wakawa wanasalimiana, kisha Tinga akaacha kazi akaingia biashara ya teksi. Siku moja alikuja na gari, akasema anakwenda Ganze kumzika mjomba, barabara ya kule ni mbaya, aliache hapa siku tatu. Akamkabidhi Changawa ufunguo mkononi. Tangu siku hiyo namba yake haikupatikana tena.

"Mtu kaniwekea amana," Changawa alisema.

"Amana ya siku tatu, Baba Kazungu. Huu ni mwezi wa tano tangu aliache."

Nyuma ya pazia lililokigawa chumba, mama yake Changawa alikohoa. Bibi Dhahabu alikuwa mtu wa miaka sabini na mingine, mwenye nyonga mbovu. Alikuwa ameletwa kutoka nyumbani Kaloleni ili awe karibu na hospitali. Alikuwa hapendi kusikia watu wakizozana, na kikohozi chake kilikuwa njia ya kuwakumbusha kwamba yupo.

*

Bi Mwanabibi mwenyewe alikuja alasiri ya Jumapili. Hakuwa mwenye nyumba wa kupiga kelele. Alipewa kigoda, akakaa, akajifunika vizuri buibui lake, akauliza hali ya mzee na ya watoto, akamjibu Dorcas shikamoo yake. Kisha akalitazama gari kwa muda.

"Mwanangu, mimi sina ugomvi nawe," alisema. "Miaka tisa umekaa kwangu, kodi yangu wanipa. Lakini ndia hii ni ya watu wote. Mwisho wa mwezi litoke gari, au mtoke nyinyi. Na ukiniona mbaya, niwie radhi."

Dorcas alimwambia amemsikia. Hangeweza kusema zaidi. Vyumba vya Chaani sasa vilikuwa na bei nyingine, na kila mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi miwili kabla hajakupa hata kufuli. Bi Mwanabibi alipoondoka alipita ubavuni mwa gari kwa upande, ameshika buibui lisiguse vumbi lake. Dorcas aliona haya kana kwamba vumbi lile lilikuwa limetoka ndani mwake.

Siku ya pili Changawa hakwenda kazini. Kibarua asiyefika halipwi, lakini alikwenda kituo cha polisi akasimama kwenye foleni. Afisa wa kaunta alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza kama amechungulia buti kuona hakuna maiti. Wenzake wakacheka. Changawa naye alicheka kidogo, kwa heshima.

"Ufunguo uko kwa nani, mzee?" afisa aliuliza.

"Kwangu."

"Basi gari liko kwako. Limeachwa vipi na ufunguo unao wewe?"

Aliandika hata hivyo, akampa namba kwenye kipande cha karatasi. Akamweleza kwamba polisi hawana gari la kuvuta. Akitaka liletwe kituoni alipe mwenyewe wa kulivuta. Na akamwonya: akilihamisha bila idhini, kisha kikakosekana kitu, mwenye gari akija atakuwa na haki ya kumshitaki. Changawa alimshukuru. Alitoka pale akiwa na namba aliyokuwa hana asubuhi, na woga aliokuwa hana vilevile.

Dorcas ndiye aliyesema wakatafute jina la mwenye gari. Kijana wa saiba, duka la intaneti, alipiga namba ya gari kwenye kompyuta, na karatasi ikatoka na majina mawili: la Tinga, na la kampuni ya mikopo. Gari lilikuwa limewekwa rehani. Changawa alipiga simu ya kampuni palepale, akasema jina lake, akasema gari liko wapi na limekaa kwa muda gani. Upande wa pili walimshukuru sana. Walisema wamelitafuta gari hilo kwa miezi mitatu.

*

Walikuja Jumatano, wanaume watatu, na mkubwa wao aliitwa Hashim. Alikuwa dalali wa kukamata mali za wadaiwa, mtu mwenye tai na sauti ya upole. Ploti nzima ilitoka. Fancy, msusi wa chumba cha nne, alikuwa ameshampigia simu dereva wa lori la choo awe tayari.

Hashim alichukua ufunguo kwa Changawa, akafungua milango, buti na boneti, akawa anataja vitu na mwenzake akiandika. Betri. Magurudumu manne na la akiba. Jeki. Redio. Vioo vya pembeni, viwili, vizima. Alipomaliza alibandika karatasi kwenye kioo cha mbele, akamrudishia Changawa ufunguo.

Changawa alidhani hakuona vizuri. Akauliza kama hawalichukui.

Hashim alimweleza taratibu, kama mwalimu. Kulikuwa na kesi. Mtu mwingine alikuwa amefika kortini akisema Tinga alimuuzia yeye gari hilohilo na pesa amekwisha lipa. Korti ilikuwa imesimamisha kila kitu mpaka ijue gari ni la nani. Kwa hiyo gari lisiguswe wala lisihamishwe pale lilipo. Na kwa kuwa ufunguo ulikuwa kwa Changawa, yeye ndiye angekuwa mtunzaji wake.

"Tia sahihi hapa, mlinzi," alisema.

Fancy aliuliza kwa sauti ya juu, na choo je? Hashim alisema kwa adabu kwamba choo hakimo katika karatasi zake.

Changawa alitia sahihi. Alitia sahihi kwa sababu kalamu ilikuwa tayari mkononi mwake, kwa sababu watu wote walikuwa wanamtazama, na kwa sababu maishani mwake alikuwa hajawahi kumkatalia mtu mwenye karatasi. Jioni Dorcas alimuuliza kwa nini hakukataa. Alisema angekataa wangemuuliza kwa nini ana ufunguo. Dorcas akaona kwamba mumewe anasema kweli.

Ijumaa choo kilifurika. Bi Mwanabibi alimtuma mtu kupiga kufuli mlango wa choo. Alipopigiwa simu na kuelezwa habari ya korti, alisema maneno ya korti hayajui, yeye aijua tarehe ya mwisho wa mwezi.

*

Choo cha kulipia kilikuwa stendi, ng'ambo ya barabara ya matrela. Vijana walikwenda na kurudi kwa dakika tano. Bibi Dhahabu alichukua robo saa kwenda tu, na fimbo mkono mmoja, na Dorcas mkono wa pili. Walikwenda alfajiri kabla ya viazi, wakaenda adhuhuri, wakaenda jioni. Kila mara Dorcas alimwachia jirani karai lake la mafuta, na kila mara aliporudi alikuta wateja wawili watatu wameshaondoka.

Siku ya nne, adhuhuri, matrela yalipita mfululizo kutoka bandarini, moja nyuma ya jingine, na wao wamesimama kando wakingoja na watu wengine. Dorcas aliuhisi mkono wa mama mkwe ukimkaza. Alitazama chini akaona leso ya mzee imelowa mpaka ukingoni. Kijana mmoja alisogea pembeni. Dorcas alifungua leso yake ya juu, akamfunga mzee kiunoni, akakaza fundo, wakageuka wakarudi nyumbani. Dorcas alifua leso zote mbili akazianika.

Tangu siku ile safari za stendi zilipungua. Bibi Dhahabu alisema tumbo lake limetulia. Alisema anafunga kwa maombi ya mjukuu wake Kazungu anayekaribia mtihani. Chai aliyopewa ilikwisha kikombeni, na Dorcas, aliyekuwa na mambo mengi kichwani, alifurahi kuona imekwisha. Alipofagia aliliona beseni chini ya kitanda cha mzee lina maji ya rangi ya chai, lakini hakujiuliza yametoka wapi.

Alhamisi mchana mzee alijaribu kuinuka akaanguka kati ya kitanda na ukuta. Macho yalikuwa wazi lakini maneno yake hayakushikana. Midomo ilikuwa imekauka mpaka imepasuka. Fancy alikimbia kuita tuktuk, wakampakia, wakampeleka hospitali Port Reitz.

Muuguzi alimfinya ngozi ya mkono, ikabaki imesimama kama kitambaa. Akamtundikia maji ya mshipa. Alimuuliza Dorcas, bila ukali, mzee huyu anakunywa maji kiasi gani kwa siku. Dorcas alianza kujibu, kisha akalikumbuka beseni.

Mzee alirudiwa na fahamu saa tisa. Dorcas alikuwa ameketi kitandani kwake, ameshika miguu yake.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

Bibi Dhahabu alitazama mrija uliokuwa mkononi mwake. "Nikwambie nini? Kila nikinywa, lazima wewe uache biashara yako unipeleke. Changawa ana karatasi za watu, wewe una mwenye nyumba. Nikaona hilo moja naweza kuwapunguzia."

Dorcas alimfunika miguu. Alimwambia Fancy akae na mzee, akatoka.

*

Alimkuta Changawa amefika nyumbani wakati uleule, ameambiwa na majirani, anatafuta shati safi la kwendea hospitali. Dorcas alisimama mlangoni akamwomba ufunguo.

Changawa alijua ni ufunguo upi. Alianza kusema habari za korti, na sahihi yake, na afisa wa polisi alivyomwonya. Alisema kwamba mtu anaweza kufungwa. Alisema yote hayo akiwa amegeukia ukuta, anafunga vifungo.

"Mama ameacha kunywa maji," Dorcas alisema. "Siku tatu. Ili asitusumbue kwenda stendi. Alikuwa anamwaga chai chini ya kitanda."

Changawa aliketi kitandani kwa mama yake. Akainama akachungulia chini, akaliona beseni. Alipoinuka hakumpa mkewe ufunguo. Alitoka nje, akafungua mlango wa gari yeye mwenyewe, akaketi kwenye usukani, akashusha breki ya mkono.

Hawakuita mtu, lakini watu walikuja. Walikuja hata wale waliokuwa wakimwitikia salamu kwa shingo upande. Kwa kuwa magurudumu yalikuwa yamelala, ilibidi nyuma wainue huku mbele wanasukuma, na wanawake wakaingia ubavuni. Gari lilikwenda shubiri kwa shubiri. Muuza makaa alilalamika kidogo, kisha akasogeza magunia yake. Lilipofika kando ya barabara Changawa alifunga milango yote, akaijaribu mmoja mmoja, akalipiga picha kwa simu pande zote nne, na ile karatasi ya kwenye kioo ikionekana. Watu walimpiga mabega. Mmoja alisema kama kuna kesi basi ni kesi ya ploti nzima, na wengine wakaitikia.

Jumamosi lori lilikuja, mpira ukafika. Jumatatu Bibi Dhahabu alirudi kutoka hospitali, akakuta choo kimeoshwa kwa dawa. Bi Mwanabibi hakutaja tena mwisho wa mwezi.

Lakini Jumatano asubuhi gari lilikuwa limekaa juu ya mawe, halina hata gurudumu moja. Betri haikuwepo. Kufikia Ijumaa redio na vioo navyo vilikuwa vimekwenda. Muuza makaa alisema yeye hulala kwake, hakuona kitu.

Hashim alikuja na ile orodha. Hakukasirika. Alipita kwenye kila kilichokosekana akakiwekea alama ya mkasi, kisha akajumlisha chini, ikawa elfu sitini na tano. Alimweleza Changawa kwamba amehamisha mali iliyoshikwa na korti, na kwamba hilo peke yake ni kosa. Angeweza kumpa siku saba. Alipe vilivyopotea, au amwonyeshe aliko Tinga.

"Nikimpata yeye, wewe sina haja nawe," alisema. "Jina lako nitalifuta kwa mkono wangu."

Wale waliosema kesi ni ya ploti nzima walikuwa wamekaa palepale nje. Mmoja alisema lazima wafanye mchango. Walikubaliana walizungumze jioni, na jioni hakuna aliyelizungumza. Dorcas hakuwachukia. Sahihi ilikuwa moja tu.

*

Fancy ndiye aliyeleta habari. Alikuwa amekwenda kumsuka bibi harusi Mishomoroni, na alipotoka kununua chapati alimwona Tinga kwa macho yake, amevaa aproni, anamenya vitunguu katika kibanda nyuma ya kinu cha kusaga unga. Alikuwa amenenepa.

Changawa alisema hataki kwenda. Dorcas alidhani anaogopa kumpiga mtu, lakini alipomtazama vizuri aliona kwamba anaogopa kitu kingine. Aliogopa kwamba Tinga angemwomba, naye angekubali. Basi Dorcas alikwenda peke yake, siku ya sita, na namba ya Hashim kwenye simu.

Kibanda kilikuwa na meza mbili. Mwanamke kijana, mjamzito wa miezi mingi, alimkaribisha akamfutia benchi, akajitambulisha kwa jina la Lavender, akamuuliza atakula nini. Dorcas alisema anamtafuta Tinga. Lavender aliita kuelekea nyuma kwamba kuna mgeni, akaingia jikoni.

Tinga alitoka akifuta mikono. Alipomwona alisimama kidogo, kisha akaja akaketi upande wa pili wa meza, kama mtu aliyekuwa na miadi.

"Shemeji," alisema. "Nisamehe."

Dorcas alikuwa amepanga maneno mengi tangu Chaani. Alimweleza kwa ufupi habari za choo, za mama mkwe, za sahihi na za elfu sitini na tano. Tinga alisikiliza, ameinamisha kichwa. Dorcas alipomaliza alibaki na swali moja tu, nalo ndilo lililokuwa likimkosesha raha kuliko deni.

"Kwa nini sisi? Wewe una marafiki."

"Marafiki wangeliuza kwa wiki moja," Tinga alisema. "Siku moja yadini nilimwona Changawa ametoka langoni, akafika mpaka barabarani, akarudi. Alikuwa amesahau glavu za kampuni mfukoni. Glavu, shemeji. Nikasema moyoni, huyu hataligusa. Niliwaamini."

Dorcas alilisikia neno hilo la mwisho likimwingia kama tusi.

Tinga alisogea karibu, akashusha sauti. Mke wake, Lavender, hakujua habari ya mkopo wala ya kuuza gari lililo rehani. Alidhani liliuzwa vizuri na kibanda kikanunuliwa. Alikuwa amebakiza wiki tatu ajifungue. Tinga alisema akishikwa sasa, kibanda kitachukuliwa chote, sufuria kwa sufuria. Alisema hakatai kulipa. Aliomba tu muda, mpaka mtoto azaliwe, na baada ya hapo angekwenda mwenyewe kwa Hashim, kwa miguu yake.

Alikuwa anasema kweli, au nusu kweli. Dorcas aliona machozi machoni pake, na akaona jinsi mikono yake ilivyobabuka kwa mafuta ya moto kama ya Dorcas mwenyewe. Akajisikia anataka kuuliza ni wiki tatu kamili au zaidi. Swali lilikuwa tayari kwenye ulimi. Angeuliza hilo, angejibiwa, angerudi Chaani na ahadi nyingine ya kumpa mumewe aitunze.

Akatoa simu, akapiga.

Tinga hakukimbia. Alishika ukingo wa benchi kwa mikono miwili, akawa anatazama mlango wa jikoni. Hashim alipokea mara moja. Dorcas alisema jina lake, akasema amempata, yuko naye hapa. Hashim alimwambia amwelekeze, ana watu wake Kisauni, watafika upesi. Dorcas alianza kumwelekeza: Mishomoroni, ushuke kwenye kinu cha kusaga unga, uzunguke nyuma yake.

Lavender alitoka jikoni na kikombe cha chai na chapati juu ya sahani, anatembea taratibu kwa ajili ya tumbo lake. "Dada, umetoka mbali," alisema. "Kunywa kwanza. Hii si ya kulipa."

Dorcas alibana simu kwa bega akaipokea chai kwa mikono miwili, kama alivyofunzwa, akamshukuru. Kikombe kilikuwa cha moto. Sikioni Hashim alikuwa bado anauliza kibanda kiko upande gani wa njia, wa kushoto au wa kulia.

"Wa kulia," Dorcas alisema.